Sahani ya Mwenye Udhuru

Februari 14

Nimefika nyumbani, Makorora. Mama kapokea begi, Shangazi Hamdiya kapokea uso wangu: kanishika kidevu, kanigeuza kulia, kanigeuza kushoto, kama anayechagua papai.

"Chuo gani hiki kinachorudisha mifupa?" kasema. "Nyama zake zimebaki kwenye mitihani?"

Nikacheka, maana mbele ya Shangazi kucheka ni rahisi kuliko kujibu. Mimi kusema sijui. Darasani Dodoma mwalimu akiita Rahila Abass nanyanyua mkono tu, sauti haitoki. Ndiyo maana naandika. Kwenye karatasi midomo haitetemeki.

Februari 15

Nimelala.

Februari 16

Nimelala tena. Mama kaingia mara mbili kuniwekea kiganja kwenye paji la uso. Sina homa, Mama. Nimechoka.

Februari 17

Leo nimeamka adhuhuri, nikakaa uani na chai ya tangawizi, nikajaribu kumweleza Mama muhula ulivyokuwa. Sikufika mbali. Nilitaka kumwambia kwamba maabara tunaingia jua halijachomoza na tunatoka limeshazama. Kwamba mchana tunajifunza kuwatoa watu damu, na jioni tunakariri kwa Kiingereza majina ya wadudu waliomo ndani ya damu hiyo. Kwamba tangu Desemba chakula changu kilikuwa chipsi za sahani moja, tunakula wawili, mimi na Bibiana mwenzangu wa chumba. Na kwamba siku ya mtihani wa mwisho nilisinzia nimeinamia darubini mpaka ikaniachia alama jichoni. Badala yake nikasema, "Ulikuwa mgumu kidogo."

"Pole, mwanangu. Pumzika."

Hilo ndilo neno nililolifuata kutoka Dodoma. Pumzika. Nina likizo mpaka mwisho wa Machi. Sitaki harusi za watu, sitaki kutumwa sokoni Ngamiani, sitaki kuulizwa nitakuwa daktari lini. Nataka kulala mpaka nisikie njaa ya kweli.

Februari 19

Funga ya kwanza. Joto la kaskazi limekaa juu ya mabati kama mgeni asiyeaga.

Shangazi ndiye amiri wa jiko letu tangu alipoachika akarudi kwa kaka yake, yaani Baba. Mama mwenyewe hupewa amri. Mimi nimepangiwa nazi: nikune, nikamue tui la mihogo na la uji, basi. Nikimaliza narudi kitandani. Baba hatumwoni. Ramadhani ndiyo msimu wa fundi kanzu. Chumba cha mbele kimejaa vitambaa vyeupe na cherehani hainyamazi mpaka adhana ya magharibi.

Februari 23

Bibiana kapiga simu. Yeye ni Mkristo wa Muheza, na akitaka kujua jambo anauliza kama polisi. "Sasa nyinyi wanawake mkiwa kwenye siku zenu mnafanyaje? Si hamruhusiwi kufunga?"

Nikamweleza mambo ya nyumbani kwetu. Mwenye udhuru hasemi. Shangazi huweka sahani stoo, juu ya pipa la mchele: kiporo cha daku, kipande cha samaki, kikombe cha maji, vyote chini ya kawa. Mwenye udhuru anaingia mchana, anakula, anatoka anapangusa mdomo. Hakuna anayemwangalia. Wanaume hawajui, au wanajifanya. Baada ya Idd kila mtu analipa siku zake kimyakimya.

"Mna akili," kasema Bibiana. "Kwetu ningetangazwa."

Leo nilipokuwa nakamua tui Shangazi kanikonyeza. "Sahani ipo stoo, mwali."

"Nimefunga, Shangazi."

"Nasema ipo tu."

Nikajiona napendwa.

Februari 24

Sahani ipo. Nimekuna nazi, nimelala.

Februari 25

Sahani ipo.

Februari 28

Mama keshamaliza siku zake, kwa hiyo sahani sasa ni yangu peke yangu. Leo paka kaingia stoo, kapindua kawa, kala samaki wote. Shangazi kanijia mbio chumbani, uso unang'aa kama wa mtu aliyeona mwezi.

"Umekula?"

"Sijala, Shangazi. Nimefunga."

Uso ukazimika. Nikabaki najiuliza, mtu anawezaje kuhuzunika kwa kusikia mwenzake kafunga?

Machi 2

Shangazi kasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Saa saba hii, bibi wee."

"Usingizi wa aliyefunga ni ibada, Shangazi."

"Ibada hiyo wewe umeipitisha kiasi. Hata mawalii walikuwa wakiamka."

Nimelala hivyo hivyo. Nimeota nahesabu chembe za damu na zinakimbia.

Machi 4

Mawingu tangu asubuhi, mvua hamna. Jasho linatoka hata ukikaa kitako.

Asmahani wa nyumba ya pili huja kila alasiri kuazima kitu. Leo kaazima kifumbu, akakaa. Mama alikuwa jikoni, Shangazi anapiga unga wa kaimati, mimi niko juu ya mbuzi nakuna nazi.

"Huyu mtoto anafunga, mashallah," kasema Asmahani.

"Anafunga haswa." Shangazi hakuinua macho. "Hajadondosha hata siku moja. Sisi wenzake tuna madeni, yeye hana."

"Heri yake."

"Heri yake na nani?"

Mama alikuwa anakoroga sufuria ya uji ambayo moto wake haujawashwa. Asmahani kachukua kifumbu, kaondoka, naye ni mwanamke ambaye kuaga kwake huanza kibarazani na kumalizikia barabarani. Leo hakuaga kabisa.

Niliendelea kukuna ile nazi mpaka meno ya mbuzi yakagusa kifuu. Ndipo nikaielewa sahani. Sikuwekewa chakula. Nilitegewa.

Machi 5

Mama kaja baada ya alfajiri, kafunga mlango, kakaa ukingoni mwa kitanda. Muda mrefu alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kanga.

"Tangu lini, Rahila?"

Ningeweza kujifanya sijui anachouliza. "Tangu Desemba."

Akavuta pumzi kama mtu aliyekanyaga moto. "Nani?"

"Hakuna nani, Mama."

"Mtoto wa chuoni? Mwalimu?"

"Hakuna. Nimechoka tu. Mwili ukichoka sana, ukila kidogo, ukikaa na hofu, unafunga duka. Ni jambo linalojulikana. Tumefundishwa."

Jambo hilo lina jina refu la Kizungu. Kuliandika nalijua, lakini nilipotafuta la kumpa Mama, mkononi mwangu lilikuwamo hilo tu, duka.

"Mimi nimekuzaa mwaka wa njaa," kasema Mama. "Nakula muhogo asubuhi, nakula muhogo jioni. Mbona duka langu halikufungwa?"

Nikamwambia kila mwili na wake. Nikamwambia nimefunga kila siku kwa sababu sina udhuru, na mtu asiye na udhuru hufunga. Ningefanya nini, nile ili waniamini? Hapo Mama kaona machozi, na machozi nayo yakawa ushahidi. Nilimwona usoni anayaweka upande wao.

"Shangazi yako anasema usingizi huu anaujua," kasema akiinuka. "Anasema Huwaida alianza hivyo hivyo."

Huwaida ni binti wa Shangazi. Alitolewa shule kidato cha tatu, akaozeshwa kwa haraka, sasa yuko Moa na watoto wawili, na mume anayekwenda na kurudi kama bodaboda. Nampenda Huwaida. Lakini mimi si Huwaida, na usingizi si mtu mmoja kwamba ukimwona kwangu ni yule yule aliyekwenda kwake.

Nimekasirika. Hata kuandika neno lenyewe nimeona raha. Nimekasirika. Nilikuja kupumzika, na mapumziko yangu yamegeuzwa dalili. Nikilala, nina mimba. Nikiamka nikafua nikadeki nyumba nzima, watasema najitia uzima. Basi nitalala. Nitalala mchana kweupe, mlango wazi.

Machi 6

Nimelala, mlango wazi. Sahani ipo.

Machi 8

Shangazi kapotea asubuhi, karudi baada ya adhuhuri amejaa vumbi. Kumbe kapanda bodaboda mpaka Pongwe kununua kipimo cha mimba, na swaumu yake kinywani, kwa sababu duka la dawa la hapa Makorora muuzaji ni mpwa wa Asmahani. Huko Pongwe kijana wa dukani kamwuliza, "Ni chako, mama?" Shangazi, mwenye miaka hamsini na kitu, kamjibu, "Ni cha dada yako." Haya nimeyasikia akimsimulia Mama jikoni, na Mama kacheka, kisha akakumbuka kwamba si jambo la kucheka.

Wakaniita chumbani kwa Shangazi. Kipimo kilikuwa kitandani juu ya kanga safi, na pembeni kikombe cha plastiki.

"Hatukuandami," kasema Shangazi. "Kojoa humo, tumalize."

Nilikitazama. Kipimo kile nakijua kuliko wao. Muhula mzima nimewapima watu, nimesimama kwenye lile dirisha dogo nikawaita wanawake wazima majina yao, nikaona walivyokuwa wakipokea majibu na macho chini, wengine wakiwa na mama mkwe nyuma yao. Sikuwahi kujiuliza nani kamleta nani. Mstari mmoja, hamna. Ningekuwa huru kabla ya alasiri.

"Sipimi," nikasema.

"Nini?"

"Sipimi, Shangazi."

"Asiye na kitu haogopi."

"Siogopi."

"Basi chukua!"

"Nimewaambia hakuna mtu. Nimewaambia nimechoka. Mkikubali maneno ya kikombe na yangu mkayakataa, mimi nitarudi chuoni nikiwa nani?"

Mama kasema taratibu, "Rahila, si ni dakika tano tu."

"Leo ni dakika tano. Likizo ijayo mtaniwekea kikombe mlangoni."

Shangazi kaketi kwa kishindo, kitanda kikalia. Nilidhani atanipiga. Badala yake sauti yake ikashuka. "Mimi wangu nilimwamini. Kaniambia 'Mama, ni malaria tu', nikamwekea kitambaa cha maji baridi. Miezi mitano namwekea kitambaa. Mji mzima ulijua isipokuwa mimi. Baba yake kaniacha kwa hilo, wewe hujui?"

Sikujua. Nilijua ameachika, sikujua kwa nini. Nikamwonea huruma papo hapo, na huruma hiyo karibu inishushe mkono kwenye kikombe. Mkono niliurudisha. Kwamba Huwaida alisema uongo ni deni la Huwaida.

"Pole, Shangazi," nikasema. "Lakini sipimi." Nikatoka.

Machi 9

Bibiana katuma ujumbe wa sauti: "Mwambie shangazi yako aje hosteli alale kitanda cha juu, ale chipsi zetu, asome na zile taa zinazozimika. Mwezi mmoja tu. Halafu tumwekee sahani." Nimecheka nimejifunika shuka. Mara ya kwanza tangu nifike.

Machi 11

Mvua imeanza, ile ya kwanza ya masika, nzito, inapiga mabati mpaka watu wanaongea kwa kupiga kelele. Ndiyo sababu nimesikia.

Baba hazungumzi nami mambo ya namna hii. Hakuna baba anayezungumza. Ila akitaka nisikie, humwambia Mama nikiwa chumba cha pili.

"Huyo mtoto wako," kasema, na mvua imemzidi akapandisha sauti, "harudi chuo mpaka mambo yake yaeleweke! Nauli sitoi! Aibu moja nyumba hii imeshakula, ya pili haina pa kukaa!"

Mama kajibu kitu sikukisikia.

"Basi kama hana kitu, apime!"

Nimekaa kitandani na maji yanachuruzika dirishani. Chuo kinafunguliwa tarehe thelathini. Nikichelewa kusajiliwa narudia mwaka, na nikirudia mwaka watasema hewaa, si tulisema.

Machi 12

Mvua. Hakuna anayesema na mimi isipokuwa kuhusu nazi.

Machi 13

Mvua. Sahani haikuwekwa leo. Nadhani wamekata tamaa nayo.

Machi 14

Sahani ipo. Wali na dagaa.

Machi 16

Nimeamka na damu.

Nilikaa bafuni muda mrefu. Nilidhani nitafurahi. Nilifurahi, ndiyo, mwili wangu umerudi kutoka ulikokuwa umejificha, wiki hizi za usingizi zimeuita kwa jina. Nikauambia pole. Kisha nikasimama nikawaza sahani.

Ilikuwa pale, vyumba viwili kutoka kwangu. Ningeingia stoo, nile vijiko vitano, nitoke napangusa mdomo mbele ya Shangazi. Yangekwisha. Shangazi angelia, Mama angesujudu, nauli ingetoka, na Asmahani angekuja kuazima kitu na kuaga nusu ya siku.

Lakini ningeshinda mimi kwa sheria ya Shangazi. Ingebaki kuwa kweli katika nyumba hii kwamba neno la Rahila si kitu mpaka sahani iseme. Na mwaka ujao? Na mwili wangu ukichoka tena?

Sikuingia stoo. Nimekula tende nyuma ya pazia la chumbani kwangu, nimekunywa maji ya bomba bafuni, mwizi wa ushahidi wangu mwenyewe. Wakati wa sala nimefunga mlango. Wakidhani nasali, wadhani. Sikunuia funga wala sikusimama kwenye msala, kwa hiyo Yeye sijamdanganya. Hao wengine nimewaacha na dhana zao.

Nimeamua jambo. Naliandika ili nisiliogope: kesho naenda kwa Baba.

Machi 17

Nimekwenda.

Baba alikuwa anapinda shingo ya kanzu, pini zimejaa mdomoni. Kanitazama juu ya miwani, kaguna. Nikakaa kwenye kigoda cha wateja. Hakuna binti anayekaa pale.

"Baba, nina neno."

"Mm."

"Hedhi yangu ilikatika tangu Desemba."

Neno hilo nilifundishwa madrasa nikiwa na miaka tisa, na ustadhi alilisema akitazama ukuta. Nimelisema kwa baba yangu mzazi nikimtazama. Pini moja ikamdondoka mdomoni, ikalia sakafuni kama sufuria.

Akazitoa nyingine. "Mama yako yupo ndani. Mwambie mama yako."

"Mama nimemwambia. Shangazi nimemwambia. Kwako hawakuleta maneno yangu, wameleta ya kwao. Ndiyo maana nimeyaleta mwenyewe." Maneno yalikuwa yanatoka kwa mstari, kana kwamba nayasoma. "Sina mimba. Sijawahi kuwa na mtu. Nilisoma mpaka mwili ukagoma, nikaja kwenu kupumzika. Nataka kurudi chuo."

Baba kachukua kitambaa, kakiweka chini. Kakichukua tena. "Unaapa?"

"Siapi."

"Mwezi huu mtukufu? Mkweli haogopi kiapo."

"Mteja ukimwambia kanzu itamtosha, anakuapisha?"

"Haniapishi," kasema Baba. "Anaivaa, anaona."

Kanipata. Niliona ametaka kutabasamu, fundi aliyeshinda hoja ya kifundi. Damu ikanipanda usoni.

"Mimi si kanzu, Baba."

Nje mvua ilikuwa imepungua, inadondoka moja moja kwenye ndoo. Baba kanitazama kwa muda ambao hajawahi kunitazama tangu nivunje ungo na kuhamia upande wa wanawake. Kama alikuwa ananitafuta mimi au mtu mwingine, sijui.

"Tangu lini wewe unasema hivi?" kauliza.

"Tangu leo."

Kapiga pini moja kwenye mto wake, ya pili, ya tatu. Kazipiga zote. "Gari yako ni tarehe ngapi?"

"Ishirini na saba."

"Haya. Ondoka hapo kwenye kigoda, watu watakuja kupimwa." Nilipofika mlangoni akaongeza, bila kugeuka: "Ukapumzike."

Hakusema nimekuamini. Lakini baada ya dakika chache nilimsikia kupitia ukutani. "Hamdiya! Maneno yale yaishe leo."

"Kaka, mimi nina uchungu na—"

"Yaishe."

Machi 18

Shangazi hasemi nami. Nazi ananipa kwa kuinyooshea kidole. Sahani haipo.

Machi 21

Idd. Kanzu mpya mtaa mzima, zote za Baba, watu wamependeza kuliko mioyo yao. Asmahani kanipa mkono wa Idd, macho yakanishuka tumboni, yakapanda. Nikamwambia, "Bado unatazama?" Akaangusha sahani ya visheti. Sijui nani alisema hayo. Nadhani ni mimi.

Machi 24

Shangazi kaanza funga ya sita, zile siku sita za baada ya Idd. Jioni Mama kaniuliza kama nitafunga naye.

"Nitalipa deni langu kwanza, Mama."

"Deni gani? Wewe si ulifunga zote?"

"Za mwisho sikufunga."

Mama alikuwa anachagua mchele. Mkono ukasimama juu ya ungo. Niliona anarudi nyuma siku kwa siku, anafika kwenye mlango uliofungwa wakati wa sala, anafika siku niliyokaa kwenye kigoda cha Baba.

"Siku ile," kasema. "Ulipokwenda kwa baba yako."

"Ndiyo."

"Ulikuwa nayo. Ukanyamaza." Macho yake yalijaa. "Kwa nini, mwanangu? Ungetuokoa."

"Ningekuokoeni nyinyi."

Kaendelea kuchagua mchele, polepole, akitoa na punje nzima. Baadaye kaja chumbani, kalala ubavuni mwangu kama nilipokuwa mdogo, mgongo kwa mgongo. Nimemsamehe Mama. Sikutaka, lakini nimemsamehe. Mgongo wake ulikuwa unatetemeka.

Machi 25

Mama kamwambia Shangazi. Nimejua kwa sababu jikoni kumekuwa kimya mpaka mkaa unasikika.

Machi 27, Dodoma, hosteli

Kwetu msafiri haondoki bila kuomba radhi kwa wakubwa. Asubuhi nimeshika mkono wa Baba, nimebusu, nimeomba. Kasema, "Nimekupa, na Mungu akupe," na nauli ikiwa ndani ya kiganja. Mama kanipa kabla sijamaliza kuomba. Shangazi alisimama kando ya mlango wa ua, mtandio kaukaza, mkono wake wa kulia kautoa mbele kidogo, tayari.

Nikasimama mbele yake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba." Mkono ukangoja. "Huniombi radhi?"

"Leo nangoja yako," nikasema.

Mama kasema "Rahila!" Baba kakohoa. Shangazi kawa kama kamwagiwa maji. "Ala! Mimi nikuombe wewe? Mtoto niliyemfuta mavi?"

"Ndiyo, Shangazi. Ulinifuta. Na ulinikosea."

"Gari itakuacha."

"Iniache."

Tulisimama. Akatazama kando. Mkono wake ukashuka taratibu, ukaingia ndani ya mtandio. Nikabeba begi langu, nikaondoka. Nimesafiri bila radhi ya mtu aliyenilea, jambo ambalo kwetu hata mwendawazimu halifanyi.

Hale, nilikuwa nangoja tairi lipasuke. Chalinze, nilikuwa nangoja. Morogoro simu ikaita, jina lake. Sikupokea. Gairo ikaita tena. Nikapokea.

"Mmefika wapi?"

"Gairo, Shangazi."

"Dereva anakimbiza?"

"Hapana."

Nilisikia kuku wa uani, nikasikia anavyopumua. Nikajua kwamba tangu asubuhi hajakaa, anaihesabu barabara yangu kona kwa kona. Sijawahi kumwona Shangazi akiogopa. Siku zote nilidhani woga ni wa kwangu peke yangu katika nyumba ile.

"Mimi yangu nimekupa," kasema kwa haraka. "Hukuomba, lakini nimekupa. Safari haichezewi."

"Ahsante, Shangazi. Mimi yangu bado sijatoa."

Nilitazama simu nikidhani amekata. Hakukata.

"Sasa hiyo yako," kauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwake, "inaombwaje?"

"Kama yenu, Shangazi," nikasema. "Kwa mdomo."